Kongamano la Chuo: Makofi Umepigiwa, Lakini Jina Lako Liko Wapi?

Kama umewahi kuamka asubuhi na mapema ukaenda Malinya kuona mafahali wakipigana, unajua pale hakuna fahali wa "mtu fulani". Kila mmoja ako na jina, ako na mwenyewe, na mwenyewe ako na kijiji. Akishinda, hata mtoi wa darasa la tatu atakwambia ni wa nani na alilelewa wapi. Jaribu kusema ushindi ni wa yule msee alishika kamba tu siku hiyo, uone venye utafukuzwa.

Kwa makongamano ya vyuo mambo huwa tofauti. Sema wewe ni komredi umetoka hapo Ikolomani, uko mwaka wa nne, na kazi yako imechaguliwa, iwe ni Masinde Muliro hapo Kakamega mjini ama chuo ingine yoyote Kenya. Unasimama kando ya bango lako, unaeleza, watu wanapiga makofi, unapewa cheti na picha ya pamoja. Fiti kabisa, iposti hiyo picha. Lakini cheti kinasema ulikuwepo, hakisemi ulifanya nini. Chenye kinasema ulifanya nini ni maandishi yenye jina lako liko juu ya kazi yenyewe, na hiyo ndio wengi husahau kuuliza ju wako bize kutafuta tai ya kuazima.

Cheki hii ya majirani Tanzania. Mwaka wa 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi Magamba Secondary, wanatengeneza aiskrimu shuleni. Nafasi kwa friji ilikuwa inaisha, akaweka maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa baridi. Akauliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa high school Mkwawa, Iringa, akauliza tena, ikawa kichekesho cha darasa, ati hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake. Halafu Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo cha Dar es Salaam, akaja kutoa mhadhara hapo. Mpemba akainua mkono tena. Wenzake wakacheka, lakini Osborne alirudi Dar akaifanyia majaribio, na mwaka wa 1969 wakachapisha pamoja kwa jarida la Physics Education. Wawili, na jina la kwanza ni Mpemba.

Hapo ndio pa maana, manze. Osborne alikuwa na maabara, alikuwa na cheo, na angeandika jina lake pekee na hakuna mtu angejua. Leo wanasayansi bado wanabishana kama hiyo kitu hutokea kweli na kwa nini, lakini hata wale wanaoipinga lazima waseme jina la mtoto wa Tanganyika.

Si wote huwa na bahati hiyo. Jocelyn Bell Burnell alikuwa mwanafunzi wa PhD Cambridge mwaka wa 1967 alipoona kwenye data ishara za nyota za aina mpya, zile zinaitwa pulsa. Tuzo ya Nobel ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Yeye hakupata kitu. Mwaka wa 2018 akapewa tuzo ingine ya dola milioni 3, na hiyo doh yote akaitoa isaidie wanafunzi wengine. Lakini skiza: tunajua aliruka-ruka nani kwa Nobel ju jina lake lilikuwa kwa ile makala ya kwanza. Lisingekuwa hapo, leo hatungekuwa na kitu ya kubishania.

Sasa mbona jina la mwanafunzi hupotea? Tusiseme kila lec ni mwizi. Ila mhadhiri hupandishwa cheo kwa kuhesabiwa machapisho, na wewe ukimaliza chuo unahama na begi lako kuenda kutafuta kazi. Kazi yako inabaki kwa kompyuta ya mtu mwenye anahitaji makala. Uongo mbaya, hapo kishawishi kiko. Majarida ya udaktari yana kanuni zinaitwa za ICMJE, na fani zingine pia huzitumia: mwandishi ni mtu amechangia wazo, data ama uchambuzi, ameshiriki kuandika, amekubali nakala ya mwisho, na ako tayari kujibu maswali juu ya hiyo kazi. Kuleta pesa pekee haitoshi. Kuwa mkubwa wa idara pia haitoshi. Kwa hivyo kabla hata ya kutuma ikisiri, andikia msimamizi wako barua pepe ya heshima: "Daktari, naomba tukubaliane mpangilio wa majina." Iko kwa maandishi, iko na tarehe. Fungua pia namba ya ORCID, ni bure, na itakufuata hata ukibadilisha chuo ama, kama mimi, ukiachia chuo katikati.

Wasanii, yenu ni tofauti kidogo. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, mchezo, wimbo ama filamu ni yako pindi tu umeiandika ama kuirekodi. Kusajili na KECOBO ni kukupa ushahidi siku mtu akibisha. Mtego uko kwa kamera: kongamano likirekodi shoo yenu, uliza mapema hiyo video itakuwa ya nani na itaenda wapi. Na wewe umevumbua mashine, chunga mdomo. Ukishafunua kila kitu mbele ya umati, Kenya inakupa miezi 12 ya kuomba hataza pale KIPI. Ulaya kwa kawaida hawakupi hata siku moja.

Halafu kuna ile sehemu sisi wenyewe huwa tunajifanya hatuoni. Tuseme utafiti wako ni juu ya isukuti. Hii ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, na mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma ni tatu, kubwa ni baba, ya kati ni mama, ndogo ni mtoto. Umeshinda na wazee wa Malinya wiki mbili, wamekupigia, wamekueleza, umerekodi na simu. Ukifika kwa kongamano slaidi zako zinasema "mhojiwa wa 1, mhojiwa wa 2". Kwani wewe ni nani sasa? Wewe ndio umekuwa yule lec.

Kuna wenye wanataka kufichwa majina, sawa, waheshimu. Lakini mpigaji isukuti si shahidi wa kesi ya mauaji, mwingi angependa sana kutajwa. Muulize. Kenya iko na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na inataka jamii ikubali kabla kazi yake itumike, na itajwe ilikotoka. Weka majina yao kwa slaidi ya kwanza, si ile ya mwisho yenye watu wanatoka kuenda chai. Na ukiweza, waalike. Kutoka Malinya hadi Kakamega mjini si safari ya kuvunja mtu mgongo, na nauli ya wazee watatu na ngoma zao haiwezi kushinda bajeti ya maji ya chupa ya siku moja ya kongamano.