MTU NA DINI YAKE, MTU NA CHAMA CHAKE: Somo kutoka Afrika Kusini



Mwezi uliopita tulihudhuria khitma ya mzee wetu mmoja wa hapa ugenini, Mwenyezi Mungu amrehemu na amuweke mahali pema. Ukumbi ulijaa. Juzuu ziligawanywa, watu wakasoma, dua ikaombwa na kahawa ikapitishwa kama ilivyo ada yetu. Lakini mwenye kutazama kwa makini aliona kwamba upande wa dirishani wamekaa wafuasi wa chama kimoja cha nyumbani, na upande wa mlangoni wamekaa wa chama cha pili. Watu wawili waliosoma chuo kimoja utotoni, kwa mwalimu mmoja, walipishana bila ya kupeana mkono. Tulipokuwa tukikunja mikeka, kijana mmoja aliyezaliwa huku alituuliza: "Ami, hawa si Waislamu wote?" Tukamjibu kuwa ndiyo, wote. Akasema: "Basi khitmani wanagombania nini?"

Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile. Makala haya ni jaribio letu la kumjibu, yeye na vijana wenziwe, na kujijibu wenyewe.

Swali lake ni la zamani na si la Waislamu peke yao. Kila penye jamii iliyogawanyika, mwenye kuamini Mungu hujikuta anavutwa huku na huku: dini yake inamwamrisha jambo, na watu wake, au kabila lake, au chama chake, kinamtaka jengine. Tumeona tulitazame jambo hili kwanza kwa majirani zetu Wakristo, kwa sababu kasoro ya jirani huonekana upesi kuliko ya nyumbani kwetu, na aghlabu mtu huijua yake baada ya kuiona ya mwenziwe. Nchi tuliyoichagua ni Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi.

Wengi wetu tuliokua miaka ile tulidhani kwamba Makaburu walikuwa watu wasio na dini. Ukweli ni kinyume cha hivyo. Walikuwa watu wa ibada sana. Makaburu walio wengi walisali katika Kanisa la Kireformu la Kiholanzi, walisoma Biblia nyumbani kila siku, na waziri mkuu aliyeuanzisha utawala wa ubaguzi mwaka 1948, Dk. D. F. Malan, mwenyewe alikuwa amepata kuwa mchungaji wa kanisa hilo. Wanazuoni wao walitafuta hoja katika Maandiko. Walikitaja kisa cha mnara wa Babeli, wakasema kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyezitenga jamii za wanadamu, na kwa hiyo kuzitenga ni kumtii Yeye. Siasa ilitangulia, na dini ikaitwa baadaye ije kutoa ushahidi.

Tena watu hao walikuwa na machungu yao ya kweli. Katika vita vyao na Waingereza vya mwaka 1899 hadi 1902, zaidi ya wanawake na watoto 26,000 wa Kikaburu walikufa kwa maradhi na njaa katika kambi walizofungiwa. Waafrika nao walikufa kwa maelfu katika kambi zao. Jamii iliyodhulumiwa ikaapa kwamba haitadhulumiwa tena, na katika kujilinda ikawa dhalimu. Haya tuyakumbuke, maana kila upande wenye ugomvi una kaburi lake la kulielekeza kidole.

Katika jamii hiyo alizaliwa, mwaka 1915, Christiaan Frederick Beyers Naudé. Jina alipewa la jenerali ambaye baba yake alipigana chini yake katika vita hivyo. Baba huyo alikuwa mchungaji, na mwaka 1918 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Broederbond, chama cha siri cha Makaburu ambacho baadaye kilikuwa na mkono wake katika serikali, shule na makanisa. Mtoto akafuata nyayo za baba. Alisoma Stellenbosch, akawa mchungaji mwaka 1939, na mwaka 1940 akaingia Broederbond. Akapanda daraja katika kanisa, akawa mtu wa kutegemewa. Kwa muda wa miaka ishirini dini yake na siasa yake zilikwenda pamoja bila ya kugongana, na yeye hakuona tatizo.

Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwafyatulia risasi Waafrika waliokusanyika Sharpeville kupinga sheria ya pasi, na watu 69 wakauawa. Mwezi wa Disemba mwaka huo wajumbe wa makanisa walikutana Cottesloe, Johannesburg, na Naudé alikuwamo. Miongoni mwa waliyokubaliana ni kwamba hapana Mkristo anayeweza kuzuiwa kuingia kanisa lolote kwa sababu ya rangi yake. Waziri Mkuu Verwoerd alikasirika, na kanisa la Naudé likayakana maneno ya wajumbe wake wenyewe. Wajumbe wenziwe wakarudi nyuma mmoja mmoja. Naudé akabaki.

Mwaka 1963 alijitoa Broederbond, akakubali kuiongoza Taasisi ya Kikristo, ambayo ilikusanya Wakristo wa rangi zote. Kanisa likamtaka achague: ama taasisi hiyo, ama uchungaji wake. Mwezi wa Septemba mwaka huo alisimama mbele ya waumini wake wa Aasvoëlkop, Johannesburg, akawaeleza kwamba mtu akilazimika kuchagua baina ya kumtii Mungu na kuwatii wanadamu, hana njia ila moja. Kisha akalivua joho lake.

Tuzingatie, ndugu zetu, nani aliyekuwa akiambiwa maneno hayo. Kulikuwa na Wakristo wengi duniani waliowalaani Makaburu, na kulaani wakiwa mbali hakukuwagharimu kitu. Naudé aliwaambia watu wake: waliomlea, waliomsomesha, waliompa cheo, waliosema lugha yake. Wakamwita msaliti. Marafiki wa miaka mingi wakaacha kumtembelea. Tarehe 19 Oktoba 1977 serikali iliipiga marufuku Taasisi ya Kikristo, na yeye mwenyewe akawekewa amri ya kutokutana na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja nje ya aila yake. Amri hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1980, angali chini ya amri, aliliacha kanisa la wazungu akajiunga na tawi la Waafrika la kanisa hilo hilo.

Sasa tuje kwa ndugu zetu Waislamu wa Cape Town, maana na wao walijaribiwa kwa mtihani huo huo. Imamu Abdullah Haron alikuwa imamu wa msikiti wa Stegman Road, Claremont, tangu mwaka 1955. Yeye hakuona kwamba kazi ya imamu inakwisha mtu anapotoa salamu ya mwisho ya swala. Aliipinga hadharani sheria ya kuwahamisha watu majumbani mwao kwa rangi zao, aliwatembelea Waafrika katika vitongoji vyao, na alisaidia kupeleka fedha kwa aila za wafungwa wa kisiasa. Wengi katika jamii yake waliona bora kukaa kimya, kwani misikiti ilikuwa wazi na adhana ilisikika, basi kwa nini kuichokoza serikali? Alikamatwa tarehe 28 Mei 1969. Baada ya siku 123 kizuizini, tarehe 27 Septemba, alikufa mikononi mwa polisi. Walisema kwamba alianguka ngazini, na mwili wake una michubuko zaidi ya 20 na ubavu uliovunjika. Aila yake ilingoja zaidi ya miaka hamsini: ni mwezi wa Oktoba 2023 ndipo mahkama ya Cape Town ilipohukumu kwamba kilichomuua ni mateso.

Wakati ule, mwaka 1971, padri mmoja wa Kianglikana, Bernard Wrankmore, alipanda kilima cha Signal Hill juu ya mji wa Cape Town, akaingia katika ziara ya walii wa Kiislamu iliyoko huko, akafunga kula kwa zaidi ya siku 60. Alichokuwa akikitaka ni uchunguzi wa haki juu ya kifo cha Imamu Haron. Waziri Mkuu Vorster alikataa. Padri hakufanikiwa, na mwili wake ulidhoofika. Lakini sisi Waislamu tunapaswa kulijua jambo hili na kuwasimulia watoto wetu: mzungu, Mkristo, padri, alikaa na njaa kaburini mwa walii wetu kwa ajili ya imamu wetu. Hakuiacha dini yake kwa kufanya hivyo. Yeye aliona kwamba dini yake ndiyo iliyompeleka.

Watu hawa watatu hawakusema kwamba siasa ni uchafu na mcha Mungu akae nayo mbali. Waliingia ndani yake mpaka shingoni. Wala hawakukifanya chama kuwa dini. Naudé, ambaye mwaka 1990 alikaa upande wa ujumbe wa ANC katika mazungumzo ya kwanza na serikali, hakupata kuwa mwanachama wa chama hicho. Aliwaunga mkono, akajibakishia uhuru wa kuwaambia wanapokosea.

Hapa ndipo tunapoliona jibu la kijana wetu. Kuwa na chama si kosa. Watu wawili wenye dini moja waweza kutofautiana juu ya nani atawale, kodi ikusanywe vipi na ardhi igawiwe vipi, na wote wawili wakabaki ni wacha Mungu. Chama ni chombo na dini ndiyo dira, na nahodha mwenye akili haibadilishi dira ili ikubaliane na chombo kinakoelekea. Alama ya kuwa dira imechezewa ni hii: ukiona dini yako kila mara inawahukumu wapinzani wako, na hata siku moja haikuhukumu wewe na wenzako, basi ujue umeshaanza kuisemea badala ya kuisikiliza. Kitabu chetu kimetuamrisha tusimame na uadilifu hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Na Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, ametufundisha kwamba kumsaidia ndugu yako aliye dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Naudé hakuwa Muislamu, lakini wangapi wetu tumelitenda hilo kama alivyolitenda yeye?

Turudi nyumbani. Baadhi yetu tunatoka Unguja na Pemba, ambako takriban watu wote ni Waislamu. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995 ambao matokeo yaliyotangazwa yaliwatenganisha wagombea wawili kwa chini ya kura moja katika kila mia, tuliona watu wa kijiji kimoja wakisusiana maduka, harusi na hata mazishi. Januari 2001 damu ilimwagika. Tofauti ya dini haikuwapo ya kusingiziwa. Tuliswali kibla kimoja na tukakataa kubebeana majeneza. Mwezi wa Novemba 2009 viongozi wa pande mbili walipokutana na kupatana, na wananchi karibu theluthi mbili wakaikubali serikali ya pamoja katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, tuliona pia jinsi watu walivyokuwa na hamu ya kuamkiana tena. Mapatano hayo yametikisika na kurudi tangu hapo, na hapana ajuaye ya kesho. Lakini serikali ikipatana au isipatane, hapana sheria huku ugenini inayotulazimisha kususiana. Huo ni mzigo tuliopanda nao ndege kwa hiari yetu.

Naudé alifariki tarehe 7 Septemba 2004, akiwa na umri wa miaka 89. Kabla ya hapo, mwaka 1994, kanisa lililomtenga lilimwomba radhi. Mazishi yake ya kitaifa yalifanyiwa ibada katika kanisa lile lile la Aasvoëlkop alikolivua joho, na majivu yake yakatawanywa Alexandra, kitongoji cha Waafrika. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini kwa watu wake kukubali kwamba yule waliyemwita msaliti ndiye aliyewapenda kikweli.

Hatuwaombi wasomaji wetu waviache vyama vyao. Tunaomba jambo dogo zaidi, na pengine gumu zaidi: kila mmoja aanze na upande wake. Anapokosea mpinzani, wapo wengi wa kumsema. Anapokosea wa kwetu, sisi ndio wenye wajibu. Na maiti, khitma, harusi na mgonjwa visiwe na chama.

Tunaandika haya bila ya kujitoa lawamani. Siku ile ya khitma, sisi tunaoandika tulikuwa tumekaa upande wa dirishani. Tuliwaona waliokaa upande wa pili, tukawajua kwa majina, na hatukunyanyuka. Arobaini ya marehemu itasomwa mwezi huu katika ukumbi ule ule, baada ya Isha. Inshaallah tutakwenda mapema, na tutakaa upande wa mlangoni.

Wabillahi tawfiq.