Chupa ya Mafuta au Kilo ya Njugu? Hesabu ya Mnunuzi wa Thika

Thika ni mji wa mafuta. Bidco imekuwa ikisafisha mafuta ya kupikia hapa tangu miaka ya tisini, na mwaka 2002 ikainunua Kimbo, chapa ya mafuta ya kuganda, kutoka kwa Unilever. Si ajabu basi kwamba mtu wa Makongeni, Kiandutu au Ruiru akipanga bajeti ya jikoni, mafuta hutajwa mapema, mara nyingi kabla ya nyama. Rai yangu ni kwamba sehemu ya pesa hizo ingemfaa zaidi ikienda kwenye mbegu zenyewe: njugu, soya na simsim. Sisemi zote, kwa sababu kitunguu lazima kikaangwe. Nasema sehemu.

Mafuta yaliyosafishwa, yawe ya bei ya juu au ya chini, hukupa nguvu na basi. Gramu 100 za mafuta zina takriban kalori 884, na protini hamna hata chembe. Gramu 100 za njugu zina kalori 567 hivi, mafuta gramu 49, protini karibu gramu 26, na juu ya hayo nyuzinyuzi gramu 8 na nusu. Anayenunua njugu amenunua mafuta na kitoweo kwa pamoja. Konzi moja ya gramu 25 ina protini inayokaribia ya yai zima. Ya yai ni kamili zaidi, ndiyo, lakini ukichanganya njugu na maharagwe katika githeri, kinachopungua kwenye njugu hujazwa na maharagwe.

Bei za sokoni hubadilika, na za soko la Jamhuri hapa Thika si lazima ziwe za Githurai, kwa hiyo nakupa hesabu unayoweza kuifanya ukiwa umesimama mbele ya muuzaji. Kilo ya njugu ina protini gramu 258 hivi. Kilo ya soya kavu ina 365, ya simsim 177, ya makadamia iliyomenywa 79 tu. Maana yake, soya ikiuzwa bei sawa na njugu, kila shilingi inakuletea protini karibu mara moja na nusu. Simsim, ili ishindane na njugu kwa protini, inapaswa kuuzwa kwa takriban theluthi mbili ya bei ya njugu. Makadamia ingelazimika kuuzwa chini ya theluthi moja, jambo ambalo halitokei.

Hiyo si kusema makadamia haina thamani. Mti huu wenye asili ya Australia uliletwa karibu na Thika mwaka 1946 na mkulima mmoja mlowezi, Bob Harries, na leo kampuni ya Kenya Nut ina kiwanda chake hapa hapa mjini. Robo tatu ya uzito wa makadamia ni mafuta, na mengi kati ya hayo ni ya aina iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni, yaliyo rafiki kwa moyo. Lakini kwa familia inayohesabu shilingi, makadamia ni kitafunio cha siku maalumu. Protini itafutwe kwingine.

Simsim ina sifa yake tofauti, nayo ni madini. Ile yenye ganda ina kalisi nyingi mno, karibu miligramu 975 katika gramu 100, ilhali iliyotolewa ganda na kuwa nyeupe hubaki na kidogo sana. Mwili haufyonzi yote, kwa kuwa ganda hilo lina vitu vinavyoifunga kalisi, kwa hiyo usiache maziwa kwa sababu yake. Hata hivyo sioni sababu ya kulipia zaidi simsim nyeupe kwa ajili ya uji wa nyumbani.

Sasa turudi kwenye mafuta, maana utayanunua tu. Kwanza, soma kipimo. Mafuta ya maji huuzwa kwa lita na mililita, ya kuganda kwa gramu na kilo, na lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 915 hivi, haifiki kilo. Ukilinganisha lita na kilo kana kwamba ni sawa, umekosea kwa karibu asilimia 9. Pili, jua aina. Mafuta mengi ya bei nafuu ni ya mawese, na kwenye mawese karibu nusu ni mafuta ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya, ilhali kwenye alizeti ni kama sehemu moja kwa kumi. Asubuhi za baridi ya Julai utaona chupa ya mawese imeingia ukungu mweupe chini. Hayajaharibika, ndivyo mawese yalivyo, na yakipata joto yatang'aa tena. Tatu, tangu 2012 sheria ya Kenya inadai mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A, na vitamini hiyo huharibiwa na mwanga. Mafuta ya kupima yanayokaa kwenye chombo cha kioo kibandani, jua likiyapiga kutwa, hupoteza sehemu ya kile ulicholipia. Ukiweza, nunua kwenye kibanda chenye kivuli.

Kwenye njugu kuna hatari moja ambayo haitaki mzaha: sumu ya ukungu, aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo ilikuwa kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na hii yetu ya Thika. Waliougua walihesabiwa 317, na 125 kati yao wakafariki. Njugu hushikwa na ukungu ule ule, na kukaanga hakuimalizi sumu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, ni sehemu 10 katika bilioni, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Lakini kuchambua husaidia sana, kwa sababu sumu hukusanyika katika punje chache mbovu: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye vumbi la kijani au jeusi. Zitupe, usimpe kuku. Ndiyo maana napendelea njugu nzima mbichi kuliko siagi ya karanga isiyo na alama ya KEBS. Punje ikishasagwa, huwezi tena kujua ilikuwaje.

Halafu kuna gorogoro, kopo la muuzaji la kupimia. Kopo hupima ujazo, na kopo lililobonyezwa kitako hukupunja bila wewe kujua. Omba mizani, na kama hakuna, pitisha mkono chini ya kopo kabla halijajazwa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Jikoni mambo ni rahisi. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha mafuta badala ya vitatu, kisha mimina njugu zilizotwangwa na maji kidogo juu ya sukuma wiki, zichemke hadi mchuzi uwe mzito. Soya isiliwe mbichi wala nusu mbichi, kwa sababu ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, nacho huvunjwa na moto. Iloweke usiku kucha, umwage maji, uichemshe hadi ipondeke kwa vidole, au uikaange vizuri kabla ya kuipeleka kinuni. Ukipeleka njugu kinuni, zichanganye na mahindi makavu, la sivyo mafuta yake yataziba mashine. Watoto wadogo wasipewe njugu nzima, zinaweza kuwakaba koo. Wapewe zilizosagwa ndani ya uji. Na unga huo usage wa wiki moja au mbili tu, uufunike, uuweke mahali pakavu mbali na jiko, kwa sababu mafuta ya mbegu iliyosagwa huchacha upesi.