Maji ya Rwenzori na matope ya dhahabu

Ndugu wachimbaji, mama zetu na vijana wa Mutwanga, leo sendika inaongea juu ya samaki.

Kusini mwa Uingereza kuko mito inayotoka katika miamba ya chokaa, kama Test na Itchen. Mvua inaingia ndani ya ile miamba, inachujwa, inatoka safi na baridi mwaka mzima. Watu wanalipa pesa nyingi wasimame mle majini siku moja, na ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, washike samaki anayeitwa trauti. Mara nyingi wakishamshika wanamrudisha majini! Hapa kwetu mama angeuliza: sasa mboga iko wapi?

Mwaka 1905 Wazungu walimleta samaki huyo Kenya, katika mto Gura wa milima ya Aberdare. Alikubali juu ya baridi ya mlima. Lakini penye matope hazai. Mayai yake analaza katikati ya changarawe, na maji yanayopita kati ya mawe ndiyo yanayapa hewa. Udongo laini ukifunika pale, mayai yanakufa. Hata kwao Uingereza mito ile iko na shida: pampu zinavuta maji mengi, na maji machafu ya miji yanamwagwa mle.

Sisi hatuna trauti. Ila Butahu na ndugu zake wanashuka Rwenzori na maji ya namna ile, baridi, mawe unayaona chini. Wengine wanasema mito itakauka sababu barafu inakwisha. Ni kweli inakwisha: mwaka 1906 ilifunika karibu kilomita mraba 6 na nusu, na kufika 2003 haikufika hata 1. Lakini waliopima wanasema barafu inatoa maji kidogo tu. Mengi ni mvua, ile inayoshikwa na pori na mabwawa ya kule juu. Kwa hiyo adui wa karibu ni shoka, na ni beleshi yetu.

Wenzetu wa Manguredjipa wanajua mto unaooshewa dhahabu toka asubuhi: unageuka chai ya maziwa. Tena kuko zebaki, ile tunaita merikiri. Ikizama kwenye matope inageuka sumu nyingine, inaingia kwa wadudu, kwa samaki, mwisho kwa sahani. Mama mwenye mimba akila, mtoto anaumizwa ubongo tumboni. Na maji yetu hayaishii hapa: yanaingia Semliki, yanafika ziwa Albert, halafu Nile. Hapa Mutwanga penyewe, umeme tulio nao tangu 2013 unatoka kwa nguvu ya maji haya, na mchanga unakula mashine.

Dawa inajulikana. Tuoshee kwenye dimbwi mbali na mto, matope yatulie, maji yatumike tena. Merikiri isichomwe jikoni wala kando ya maji.

Wachimbaji wanatuuliza: siku tatu za kuchimba dimbwi, nani anatulipa? Wako na haki. PDG wa shimo anahesabu mafuta ya pampu na chakula kabla ya kugawa, na dimbwi lihesabiwe vilevile, kabla ya mafungu. Tunaomba kila kundi lipeleke neno hilo kwa PDG wake kabla mvua kubwa haijaanza, sababu mvua ikishaanza hakuna atakayechimba.