Sheria na Mtawanyiko wa Wahindi: Funzo la Mathare na Mitaa Jirani

Diaspora ya Wahindi, yaani jumla ya watu wenye asili ya India waishio nje ya nchi hiyo pamoja na vizazi vyao, inakadiriwa na serikali ya India kuzidi milioni 35. Mara nyingi mtawanyiko huo huelezwa kwa bidii ya biashara peke yake, ingawa mahali Mhindi alikofikia, kazi aliyoruhusiwa kufanya na mtaa aliokaa viliamuliwa kwa kiasi kikubwa na sheria. Bonde la Mathare na mitaa ya Eastlands inayopakana nalo, jijini Nairobi, ni ushahidi wa ukweli huo.

Wafanyabiashara wa Gujarat walizoea kusafiri kwa pepo za msimu hadi Zanzibar na Mombasa karne nyingi kabla ya ukoloni. Hata hivyo, uhamaji wa halaiki ulianza baada ya Uingereza kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1834, wenye mashamba ya miwa walipotafuta nguvukazi nyingine. Ndipo ulipotumika mfumo wa vibarua wa mkataba, ambao ulimfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, kwa kawaida kwa miaka mitano, na kumwadhibu kama mhalifu akiacha kazi. Mfumo huo uliwapeleka Wahindi Mauritius kuanzia mwaka 1834, Guyana mwaka 1838, Trinidad mwaka 1845, Natal mwaka 1860 na Fiji mwaka 1879, na ndiyo sababu takriban theluthi mbili ya wananchi wa Mauritius leo wana asili ya India.

Kenya iliingizwa katika mfumo huo na reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 waliletwa vibarua wapatao 32,000, wengi wao kutoka Punjab. Takriban 2,500 walifariki na wapatao 6,700 wakabaki mikataba yao ilipokwisha. Pamoja na hao, jamii ya Wahindi wa Kenya ilikuzwa zaidi na wenye maduka, mafundi na makarani waliojilipia nauli na kufuata njia iliyofunguliwa na reli.

Waliofika Nairobi walikuta jiji linalogawanywa kwa rangi. Mwaka 1913 ripoti ya Profesa W. J. Simpson ilipendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe kimakazi kwa kisingizio cha afya, huku nyanda za juu zenye rutuba zikihifadhiwa kwa Wazungu. Waraka wa Devonshire wa serikali ya Uingereza, wa mwaka 1923, ulitamka kwamba maslahi ya Waafrika yatangulizwe, lakini ukaacha nyanda hizo mikononi mwa walowezi. Kwa kuwa hawakuruhusiwa kumiliki mashamba huko, Wahindi wengi walijikita mijini, katika mitaa kama Ngara na Eastleigh. Kijiji cha Waafrika cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na baadaye mahali pake pakajengwa nyumba za Waasia, yaani watu wenye asili ya Bara Hindi. Mathare, ng'ambo ya Barabara ya Juja, palikuwa na machimbo ya mawe, na sehemu ya ardhi yake ilimilikiwa na Waasia. Waafrika walionyimwa makao halali mjini walijenga vibanda bondeni, wakiishi kwa hofu ya kubomolewa. Kwa hiyo, sheria iliyompa Mhindi nafasi ya katikati, chini ya Mzungu na juu ya Mwafrika, ndiyo pia iliyozaa mtaa wa mabanda.

Nafasi hiyo ilileta chuki, ingawa haikuzuia mshikamano. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Eastlands, Makhan Singh, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi mzaliwa wa Punjab, alidai hadharani uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa pamoja na mwanaharakati mwenzake Fred Kubai, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, naye akazuiliwa hadi mwaka 1961.

Baada ya uhuru, pasipoti ndiyo iliyoamua hatima. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwabana wasio raia, nao maelfu waliokuwa na pasipoti za Uingereza wakaondoka kabla Uingereza yenyewe haijawabania mlango mwezi Machi 1968. Waasia wa Kenya, waliokuwa karibu 177,000 mwaka 1962, walihesabiwa karibu 90,000 katika sensa ya 2019, raia na wasio raia pamoja. Wakati huohuo mamilioni ya Wahindi wanafanya kazi katika nchi za Ghuba kwa vibali ambavyo kwa kawaida havimfikishi mtu kwenye uraia.

Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Waasia kuwa kabila la 44. Hatua hiyo ni ya haki, ila haitatimia iwapo historia yao itafundishwa kando na ya Mathare. Mwenye duka wa Eastleigh na mpangaji wa bondeni walitenganishwa na utawala mmoja, na usawa wa uraia utakuwa kamili pale ambapo haki ya makao itamfikia pia huyo wa pili.