Mshahara wa askari, jeraha la zamani la Masisi na Walikale

Serikali ya Kinshasa ilipotangaza Machi 2025 kwamba mishahara ya wanajeshi itaongezwa mara mbili, Masisi-kati ilikuwa mikononi mwa M23 tangu Januari. Mwezi huohuo waasi waliingia pia Walikale. Nyongeza ilikuja kwa kuchelewa, na wenyeji wa wilaya hizo mbili wanaijua hadithi hii tangu zamani.

Baada ya mkataba wa Machi 23, 2009, maelfu ya wapiganaji wa CNDP waliingizwa haraka katika jeshi la taifa, FARDC. Malalamiko yalianza mapema: mishahara haifiki, vyeo havitambuliwi, chakula hakitoshi. Kwa miaka mingi fedha zilisafiri taslimu kutoka Kinshasa, zikapita mikononi mwa makamanda, na kila mkono ukabaki na chochote. Askari hewa nao walilipwa. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulioanza 2005, ulihesabu wanajeshi, ukawapa vitambulisho na kujaribu kumwondoa kamanda katika ulipaji.

Asiyelipwa alijilipa. Barabarani kulikuwa na barieri, na mama aliyekwenda sokoni na maharage yake hakupita bure. Huko Walikale kulikuwa na Bisie, mgodi mkubwa wa kasiteriti. Brigedi ya 85, ya waliokuwa Mai-Mai, iliushikilia hadi 2009, kisha wakaja maofisa wa zamani wa CNDP. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema, akaruhusu tena Machi 2011. Ofisa mwenye mgodi hakuwa na haja ya kusubiri mshahara. Aliyeumia ni askari aliyekaa mlimani bila kitu.

Ndiyo maana maasi ya Aprili 2012 yanapaswa kutazamwa kwa makini. Maofisa waliokimbilia milima ya Masisi walitaja mishahara na vyeo, na madai hayo yalikuwa na ukweli. Lakini Jenerali Bosco Ntaganda, aliyewaongoza, hakuwa na njaa: wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamemtaja katika magendo ya dhahabu. Alichoogopa ni Mahakama ya ICC.

Machi 2013 mamia ya askari waliomfuata walivuka kuingia Rwanda na kunyang'anywa silaha, naye akajisalimisha katika ubalozi wa Marekani, Kigali. Mwenzake, Sultani Makenga, alikimbilia Uganda Novemba mwaka huo. Ndiye anayeongoza wapiganaji wa M23 walioiteka Masisi.