Uraia wa Ndoa Hausubiri Ukaazi wa Kudumu

Kutoka Musanda hadi Busia swali ni lile lile: mume wangu ni Mganda, ameomba ukaazi wa kudumu na faili haijatoka, je, asubiri itoke ndipo aanze kuhesabu miaka saba ya uraia? Hapana, na inasikitisha kwamba jibu hili bado linahitaji kurudiwa. Kifungu cha 15 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kina njia mbili zilizotenganishwa waziwazi. Ya kwanza ni ya aliyeolewa au kuoa raia kwa miaka isiyopungua saba. Ya pili ni ya aliyeishi nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo. Watu huchukua masharti ya njia ya pili wakayabandika kwenye ya kwanza, kisha wakaamini kuna ngazi: pasi ya mtegemezi, halafu ukaazi, halafu uraia. Ngazi hiyo haipo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 kinamruhusu mwenzi wa raia kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa, lakini kifungu cha 11, kinachohusu uraia wa ndoa, hakiutaji ukaazi huo popote. Kinadai ndoa inayotambuliwa na sheria, ambayo haikufungwa ili kupata hati za uhamiaji, na wanandoa wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba. Kinadai pia mwombaji asiwe mhamiaji aliyepigwa marufuku wala aliyefungwa miaka mitatu au zaidi. Miaka inayohesabiwa ni ya ndoa.

Wapo watakaosema: mbona pale dirishani kwenye ofisi ya uhamiaji mume huyo aliulizwa pasi? Aliulizwa kwa sababu kuishi nchini bila kibali ni kosa, na kosa hilo halifutwi na cheti cha ndoa. Mganda huvuka Busia kwa kitambulisho chake tu, lakini ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kuhamia. Risiti ya maombi ya ukaazi nayo si kibali. Kwa hiyo pasi ihuishwe kabla haijaisha, maombi yoyote yawe yamefika wapi. Wengine bado wanadhani haki hii ni ya wake pekee. Hiyo ilikuwa katiba ya zamani, na iliondoka 2010.

Kinachoangusha familia nyingi za huku ni ushahidi wa ndoa, na hapo ndipo broka huingia. Huwaambia kwamba barua ya chifu na kiapo cha wakili vinatosha, au, vibaya zaidi, kwamba mke aandikishwe kitambulisho kana kwamba alizaliwa kwa wakwe zake. Barua ya chifu inasema mnajulikana kijijini. Haisajili ndoa. Kitambulisho cha uongo ni kosa la jinai, na uraia wa kuandikishwa uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa chini ya kifungu cha 17 cha Katiba, hata ikiwa mwombaji alikuwa na ndoa ya kweli ambayo ingempa uraia huo bila kudanganya. Ng'ombe wa mahari walipelekwa, wazee wakakaa, mama amezaa na kulea hapa: hayo yote ni kweli na yana uzito, ila msajili wa ndoa hayajui mpaka aambiwe kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inawataka waliooana kimila wamjulishe ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika, wakitaja mila iliyofuatwa, pamoja na saini au alama za mashahidi wawili watu wazima walioshika nafasi muhimu katika shughuli hiyo. Mahari ambayo haijamalizwa si kizuizi, kwani sehemu yake tu inatosha kuthibitisha ndoa.

Basi: ndoa isiyo na cheti isajiliwe sasa, mashahidi wa mahari wakiwa bado wapo. Ambaye hajafikisha miaka mitatu ashike pasi ya mtegemezi; aliyevuka mitatu aombe ukaazi wa kudumu. Aliyefikisha saba aombe uraia leo, ukaazi uwe umetoka au haujatoka, akiwa na cheti cha ndoa, kitambulisho cha mwenzake na pasipoti yake.