Mwenye kisukari, tazama na fizi zako

Ndugu msomaji, wapo wagonjwa wa kisukari wanaoacha kupiga mswaki kwa sababu fizi zinatoka damu. Wengine wanahofia udhu. Tuliosoma fiqhi ya Imam Shafii madrasa tunafahamu kuwa damu ya fizi haitengui udhu, ila ni najisi, hivyo mtu asukutue kinywa kabla ya kuswali. Kuacha mswaki ndiko kunakozidisha damu hiyo.

Sukari ikikaa juu muda mrefu, mishipa midogo ya damu huharibika na kinga ya mwili hudhoofika. Bakteria wa kwenye ukoga hujificha katika mfuko ulio baina ya jino na ufizi. Kwa mtu mwenye afya, kina cha mfuko huo hakizidi milimita 3 hivi. Ukizama zaidi, mswaki haufiki. Mfupa unaoshika jino huliwa kidogo kidogo, jino likalegea. Na uvimbe huo nao huufanya mwili uikaidi insulini, sukari ikazidi kupanda. Nakiri kwamba kwa miaka kadhaa niliwapima wagonjwa sukari, nikawakagua miguu na kuwauliza habari za macho, nisiwaambie wafungue kinywa.

Siku hizi wapo wanaoulizia tiba ya mwanga. Asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1900, mjini Munich, mwanafunzi wa udaktari Oscar Raab aliripoti kuwa rangi ya akridini iliua vijidudu ilipopigwa na mwanga. Katika tiba ya fizi, daktari wa meno hutia ndani ya mfuko rangi kama methilini buluu, huiacha kidogo iwashike bakteria, kisha humulika kwa mwanga mwekundu. Mwanga huiamsha rangi, nayo huifanya oksijeni iliyopo hapo kuwa kali, ikaunguza utando wa bakteria. Si antibiotiki, na hilo ni jambo jema, maana dawa hizo tumezitumia ovyo mno.

Hata hivyo, usiuze mbuzi kwa ajili yake. Hufanywa baada ya kukwangua ukoga, si badala yake, na tafiti zilizopo hazijathibitisha kuwa inaongeza manufaa makubwa. Kukwangua ndiko kwenye ushahidi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa miezi 3 hadi 4 baada ya kusafishwa chini ya fizi, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilishuka kwa pointi 0.43 za asilimia kuliko kwa wasiotibiwa fizi. Si badala ya dawa zako, lakini si haba.

Basi ukiona damu, usaha, harufu mbaya au jino linacheza, nenda ukasafishwe, kisha rudi kila utakapoambiwa. Siku hiyo kula kama kawaida, tumia dawa zako, na chukua kadi yako ya kliniki ili daktari wa meno ajue una kisukari.